Siku ya Kwanza Kwenye Kituo cha Michezo: Tembea Kwanza, Jasho Baadaye

Wengi huingia kituo cha michezo cha umma kwa mara ya kwanza wakiwa wameshavaa raba na bukta, begi begani, na hamu ya kuanza papo hapo. Hamu ni jambo jema, ila mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayowakimbiza. Baada ya dakika kumi mtu yuko juu ya mashine ambayo hajui inazimwaje, au amejikuta katikati ya uwanja uliokwisha kukodiwa na wengine, au yumo kwenye njia ya waogeleaji wenye kasi na nyuma yake pameshajaa. Anarudi nyumbani msuli umevutika au aibu imemjaa, na wiki inayofuata haonekani tena.

Ushauri wetu ni kwamba ziara ya kwanza iwe ya macho na masikio. Tenga saa moja, vaa viatu vya kawaida, zunguka kila eneo, soma vibao, uliza maswali, tazama wanaojua wanavyofanya. Kituo cha umma si chumba kimoja chenye mashine. Ni bwawa, ukumbi wa ndani, uwanja wa riadha, jimu na vyumba vya madarasa, na kila eneo lina vipimo vyake, ratiba yake na adabu yake. Anayeyajua hayo kabla ya kutoa jasho hudumu.

Mapokezi: maswali yasiyoonekana ukutani

Anzia mapokezi, na jambo la kwanza kuomba ni ratiba ya wiki nzima, si ya siku hiyo tu. Bwawa lile lile linaweza kuwa la klabu alfajiri, la wazee saa nne, la wanafunzi mchana, na jioni likawa la wote lakini njia nne kati ya sita zimeshikwa na timu. Mtu aliyekuja Jumanne saa tano akakuta maji matupu anaweza kukata uanachama wa mwaka, kisha akagundua kwamba saa pekee anayoweza kufika yeye, saa moja jioni, hakuna hata pa kugeukia. Kwa hiyo ziara yenyewe ifanye katika saa ile ile unayotarajia kuja siku zote. Kwa kawaida msongamano huwa kabla na baada ya saa za kazi. Katikati ya asubuhi na mapema alasiri huwa shwari.

Usikimbilie kadi ya mwaka. Mwezi wa kwanza lipa kwa siku, weka hesabu ya mara ulizokwenda kweli, kisha gawa ada ya mwezi ya uanachama kwa idadi hiyo. Jibu likizidi kiingilio cha siku, subiri. Uliza pia kama kadi inaweza kusimamishwa ukiugua au ukisafiri, notisi ya kujitoa ni ya muda gani, na kadi inafungua maeneo yapi. Vituo vingi huuza uanachama wa jimu peke yake, na bwawa likawa na malipo yake.

Kama unataka kukodi uwanja wa ndani, uliza unaruhusiwa kuweka nafasi siku ngapi kabla, na kama muda unaolipia unajumuisha kufunga na kufungua nyavu. Mara nyingi unajumuisha. Saa moja ya mpira wa wavu, ukiondoa kusimamisha nguzo, kukaza wavu na kurudisha kila kitu stoo, hubaki dakika kama 50 za kucheza. Vikundi vinavyogombana na wanaosubiri mlangoni ni vile ambavyo havikuhesabu zile kumi.

Utapewa fomu ya afya. Watu huijaza kwa kutia alama ya "hapana" kuanzia juu mpaka chini ili wamalize upesi, na hilo ni kosa la hatari. Maswali yake ni machache na yana sababu: matatizo ya moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, mifupa na viungo, dawa unazotumia. Ukijibu "ndiyo" hata mahali pamoja, ongea na daktari kabla ya kuanza, na mweleze mkufunzi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kwa mfano, hushusha mapigo ya moyo, hivyo namba ya mapigo inayowaka kwenye mashine itakudanganya kwamba hujachoka. Mtu wa namna hiyo ni bora atumie kipimo cha maongezi: mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, ukishindwa kumaliza sentensi fupi bila kuvuta pumzi, umeingia kwenye mazoezi makali.

Ukiondoka mapokezi, kabla ya kutazama kitu kingine chochote, tafuta vitu vitatu: mlango wa dharura wa kila ukumbi, sanduku la huduma ya kwanza, na kifaa cha kushtua moyo. Hicho cha tatu huwa ndani ya kasha ukutani, chenye alama ya moyo uliokatwa na mshale wa radi. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kifaa chenyewe hutoa maelekezo kwa sauti na hakiruhusu kumshtua mtu asiyehitaji, kwa hiyo hata asiye daktari anaweza kukitumia. Shida kubwa huwa kwamba hakuna anayekumbuka kilipo.

Chumba cha kubadilishia nguo

Hapa tupite upesi. Njoo na kufuli yako, na iwe ya shingo nyembamba kwa sababu zile nene hazipiti kwenye matundu ya makabati mengi. Vaa kandambili kuanzia mlangoni hadi ukingoni mwa bwawa. Fangasi za miguuni na chunjua za virusi hustawi kwenye sakafu yenye unyevu, na ngozi iliyolainika kwa maji huzipokea kirahisi. Ukimaliza kuoga, jikaushe katikati ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa soksi. Kitendo hicho cha nusu dakika hukinga zaidi kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye.

Bwawa

Simama ukingoni upande wa kina kirefu, utazame chini. Je, unaona vizuri kichujio cha kutolea maji kilicho sakafuni, pamoja na vitundu vyake? Kama unaona doa tu la kijivu, usiingie. Maji yenye ukungu yana maana mbili: dawa haifanyi kazi ipasavyo, na mlinzi wa bwawa hawezi kumwona mtu aliyezama.

Kisha nusa. Watu husema bwawa linalonuka klorini ni safi, na ukweli ni kinyume chake. Harufu ile kali hutokana na kloramini, mchanganyiko unaotokea klorini inapokutana na jasho, mkojo, mafuta ya ngozi na vipodozi. Ndizo zinazofanya macho yawe mekundu na koo liwashe. Bwawa linalotunzwa vizuri halina harufu kali. Ukumbi wa bwawa la ndani ukikukaba pumzi mlangoni, ujue maji yamebeba uchafu mwingi na hewa haitoki.

Vituo vizuri hubandika vipimo vya maji karibu na mlango, vikiwa na saa ya kupimwa. Tazama vitu viwili. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, isipungue miligramu 1 kwa lita, na pH, kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Hiyo pH ndiyo watu wasiyoitilia maanani, nayo ndiyo inayoamua nguvu ya klorini. Kwenye 7.5, takriban nusu ya klorini huru huwa katika hali inayoua vijidudu haraka. Ikipanda mpaka 8 hubaki kama robo tu. Bwawa linaweza kuwa na klorini ya kutosha kwenye karatasi na bado likawa dhaifu. Kama karatasi ni ya juzi, au haipo, uliza. Mhudumu anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Wewe mwenyewe una sehemu yako katika usafi wa maji hayo. Oga kabla ya kuingia, angalau dakika moja chini ya bomba, bila kusahau kwapa na nywele. Dakika hiyo huondoa sehemu kubwa ya jasho na mafuta ambayo yangegeuka kloramini. Aliyekuwa akiharisha asiingie kabisa. Kimelea cha Cryptosporidium huweza kuishi zaidi ya wiki moja kwenye maji yenye klorini ya kawaida, na aliyethibitika kuwa nacho anapaswa kusubiri wiki mbili baada ya kuhara kukoma. Watoto wadogo wapelekwe chooni kila baada ya saa moja hivi, maana mtoto anayecheza hasemi.

Joto la maji hueleza bwawa limekusudiwa nani. La mashindano huwa kati ya nyuzi 25 na 28, linalomfaa anayeogelea mfululizo na kuzalisha joto lake. La kufundishia watoto, au la mazoezi ya viungo kwa wanaopona majeraha, huwa na joto zaidi. Anayejifunza akiingia kwenye maji ya nyuzi 26 ataanza kutetemeka ndani ya robo saa, misuli itakaza, na ataamini hawezi kuogelea kumbe ana baridi tu.

Urefu nao ujue. Mabwawa mengi ya umma ni mita 25. Ya Olimpiki ni mita 50. Kilomita moja ni mikato 40 kwenye la kwanza na 20 kwenye la pili, lakini si kazi moja, kwa sababu kila ukutani unapata msukumo na nusu pumzi ya mapumziko. Mita 50 bila ukuta humshangaza hata mzoefu.

Njia za kuogelea hugawanywa kwa kasi, na kibao mwisho wa kila njia husema kama ni ya taratibu, ya wastani au ya kasi. Usijipime kwa unavyojihisi. Tazama dakika mbili, ujiunge na wanaofanana nawe. Wakiwa zaidi ya wawili, huogelea kwa mzunguko: unakwenda upande mmoja wa mstari mweusi ulio sakafuni, unarudi upande wa pili. Mshale kwenye kibao unaonyesha uelekeo, na njia jirani huweza kuwa kinyume. Ukitaka kupumzika, jibane kwenye kona ili wengine wapate ukuta wa kugeukia. Anayekuja nyuma yako akikugusa unyayo kidogo, hakukusudia ugomvi, anaomba apite. Simama ukutani umpishe. Bendera ndogo zilizotundikwa juu ya maji ziko mita 5 kutoka ukutani, kwa ajili ya wanaoogelea chali. Hesabu mipigo yako ya mikono kutoka benderani hadi ukutani mara chache, na hutagonga kichwa.

Mambo mawili hatuyaachii nafasi ya mjadala. La kwanza ni kupiga mbizi kwa kichwa mahali penye kina kifupi. Namba za kina zimeandikwa ukingoni. Zisome, na kama kuna katazo, litii, kwa sababu shingo ikivunjika pale mtu hupooza. La pili ni mashindano ya kubana pumzi chini ya maji. Mtu akihema haraka haraka kabla ya kuzama, anapunguza kaboni dioksidi mwilini, na hiyo ndiyo inayompa hamu ya kuvuta pumzi. Oksijeni huisha kabla hamu haijaja, akazimia kimya kimya bila kurusha mkono. Waogeleaji hodari hufa hivi. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako muda wote, hata kama mlinzi yupo.

Kwa anayejua kuelea lakini anachoka mita 25 za kwanza, sababu karibu kila mara ni pumzi na kichwa. Anabana pumzi uso ukiwa majini, kisha anajaribu kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja anapoinua kichwa. Kichwa kikipanda, miguu inazama, na mwili unakuwa kama breki. Tazama sakafu moja kwa moja, toa pumzi puani taratibu uso ukiwa majini, kisha geuza kichwa pembeni uvute tu. Anza na mita 25, pumzika sekunde 30 hadi 40, rudia mara nane. Hizo ni mita 200, zinatosha kabisa kwa siku ya kwanza.

Ukumbi wa ndani na mistari yake

Sakafu ya ukumbi wa matumizi mengi huonekana kama fujo ya rangi. Kila rangi ni mchezo, na ufunguo wa rangi huwa umebandikwa karibu na stoo. Ukijua vipimo, unaweza kuisoma hata bila ufunguo: mpira wa kikapu mita 28 kwa 15, mpira wa wavu 18 kwa 9, mpira wa mikono na futsali 40 kwa 20, mpira wa vinyoya 13.4 kwa 6.1. Katika kumbi ndogo uwanja wa kikapu hufupishwa, lakini ringi hubaki mita 3.05 kutoka sakafuni, na mstari wa kurusha bure hubaki mita 4.6 kutoka ubao.

Nyavu ndizo zinazokosewa zaidi. Katika mpira wa wavu, kimo cha wavu wa wanaume ni mita 2.43, wa wanawake 2.24, na hupimwa katikati ya uwanja, si kwenye nguzo. Ukikaza waya wa juu peke yake, katikati hulegea sentimita kadhaa na mchezo mzima unabadilika. Kaza juu, kisha chini, kisha pima tena. Wa vinyoya ni mita 1.55 kwenye nguzo na 1.524 katikati.

Viatu ni jambo la sakafu na ni jambo la kifundo cha mguu. Vituo hudai soli isiyoacha alama, kwa kawaida ya mpira laini. Kuijaribu ni rahisi: isugue kwa nguvu kwenye karatasi nyeupe, ikiacha mstari mweusi, haifai. Lakini hata kiatu cha kukimbilia chenye soli safi hakifai kwa kikapu au vinyoya. Kisigino chake ni kirefu na laini, kimetengenezwa kwa kwenda mbele. Ukikata kona ghafla, mguu unabinuka juu ya kile kisigino na kano za nje ya kifundo zinachanika. Viatu vya ukumbini vivae ukiwa ndani. Mchanga unaotoka barabarani hukwaruza rangi ya mbao na kuifanya iteleze. Jasho likidondoka, mchezo usimame, lifutwe.

Uwanja wa riadha

Uwanja wa kawaida ni mita 400, lakini katika njia ya kwanza tu. Kila njia ina upana wa mita 1.22, na ukisogea nje njia moja, mzunguko unaongezeka mita saba na ushee. Njia ya nane hufikia takriban mita 453. Anayetembea mizunguko kumi huko ameshakwenda zaidi ya kilomita nne na nusu wakati anadhani ni nne. Wazee wanaopewa lengo la umbali na daktari wanafaa kulijua hili.

Watu hukimbia kinyume cha mwendo wa saa. Njia mbili za ndani ni za wanaopima muda. Wanaotembea na wanaoongea wawe za nje. Kabla ya kuvuka, tazama pande zote mbili, na usisimame kufunga kamba ya kiatu katika njia ya kwanza. Ukisikia mtu nyuma anapaza sauti "njia!", toka kwa kwenda nje, usirukie ndani. Viatu vya misumari viulizie: viwanja vingi vya umma huweka kikomo cha urefu wa misumari, kwa sababu mirefu huchana mpira wa juu ambao unene wake wote ni sentimita moja na kidogo.

Kukimbia kona za kushoto kila siku huelemea mguu wa ndani tofauti na wa nje. Anayehisi maumivu upande mmoja tu wa goti au nyonga aanze kwa kutilia shaka kona hizo, akimbilie nje ya uwanja siku za mwendo mwepesi.

Jimu

Hapa ndipo penye vitu vingi vya kuumiza, na ndipo aibu inapowazuia watu kuuliza. Uliza. Vituo vingi vya umma hutoa kipindi cha kwanza cha maelekezo na mkufunzi, pengine bila malipo ya ziada, na wengi hawakiombi.

Mashine ya kukimbilia kwanza. Panda ukisimama kwenye kingo mbili za pembeni, si juu ya mkanda. Bana klipu ya kamba nyekundu kwenye nguo yako. Ukiteleza, itachomoka na mashine itasimama. Washa, mkanda ukianza taratibu ndipo ukanyage. Ukishikilia vishikio muda wote huku umepandisha mlima, yaani mwinuko wa mkanda, unabebwa na mikono, na kazi unayoifanya ni ndogo kuliko inayoandikwa kwenye skrini. Afadhali ushushe mlima uachie.

Baiskeli ya mazoezi: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo pazuri. Kiti kikiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti. Kikiwa juu mno, nyuma yake.

Kwenye mashine ya kupiga makasia yenye feni, ule mkono wa namba 1 hadi 10 si uzito. Huruhusu hewa nyingi au kidogo kuingia. Wageni huusukuma mpaka 10 na kuumia kiuno. Weka 3 hadi 5. Mpangilio wa kuvuta ni miguu, kiwiliwili, mikono. Kurudi ni mikono, kiwiliwili, miguu. Anayekunja magoti kabla mikono haijapita atajikuta anainua kishikio juu ya magoti kila mara, na hiyo ndiyo dalili ya kosa.

Mashine za pini, zile ambazo uzito wake huchaguliwa kwa kuchomeka pini, zina siri moja ambayo haiandikwi. Tafuta pale mkono wa mashine unapozungukia, mara nyingi pana doa la rangi. Kiungo unachofanyia kazi kilingane na doa hilo. Katika mashine ya kunyoosha goti, katikati ya goti ikae sambamba nalo. Usipofanya hivyo mashine inavuta upande mmoja na goti linakwenda upande mwingine. Pini nayo iingie mpaka mwisho, maana iliyoingia nusu huchomoka vyuma vikiwa juu.

Sasa vyuma huru. Chuma kirefu cha kawaida kina kilo 20, kikiwa kitupu. Kuna chembamba zaidi cha kilo 15. Wanaoanza husahau kukihesabu: pleti (visahani vya uzito) mbili za kilo 10 juu ya chuma cha 20 ni 40, si 20. Pleti za mashindano zina rangi: nyekundu 25, bluu 20, njano 15, kijani 10. Lakini jimu nyingi zina pleti za rangi yoyote, kwa hiyo soma namba, na uangalie kama ni kilo au ratili.

Chukua zoezi la kulala benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani, maana ndilo linalonasa watu. Kabla ya kuongeza pleti hata moja, lala na chuma kitupu ukipime kikae juu ya macho yako kikiwa kwenye ndoano, ili usikigonge kwenye ndoano unaposukuma. Kama benchi liko ndani ya fremu yenye vyuma vya usalama, vipange viwe chini kidogo ya kifua ukiwa umekivimbisha, lakini juu ya shingo ukilegeza mgongo. Hapo nguvu zikikwisha, unalegeza, chuma kinakaa juu ya vyuma vya usalama, unatoka. Jaribu tukio hilo na chuma kitupu mara mbili, usisubiri siku ya kunaswa. Gumba lizunguke chuma. Pleti zifungwe kwa klipu. Na kama hakuna vyuma vya usalama, omba mtu asimame kichwani pako. Umwambie utarudia mara ngapi, na kwamba asiguse mpaka chuma kisimame au uite.

Kupakua nako kuna utaratibu. Toa pleti moja huku, moja kule. Ukimaliza upande mmoja wote na upande wa pili bado una kilo 40, chuma hubinuka kama mizani na kuruka, na jirani yako ndiye anayekipokea. Kila pleti irudi kwenye mti wa uzito wake. Mtu wa kilo 50 asiyeweza kusogeza pleti za 25 zilizoachwa sakafuni ana haki ile ile ya kutumia fremu hiyo.

Ukikaa kwenye benchi, tandika taulo, ukiondoka, futa. Usikalie mashine ukiangalia simu wakati wa mapumziko. Jirani akiuliza kama mnaweza kupokezana, kubali, naye atafanya seti yake wakati wewe unapumzika.

Siku unapoanza kweli

Pasha mwili moto dakika 5 hadi 10, kisha chagua mazoezi sita: moja la kuchuchumaa, moja la kuinua kutoka chini, moja la kusukuma, moja la kuvuta, moja la tumbo, na moja la kutembea na uzito mikononi. Seti mbili za marudio 10 kila moja, pumziko la dakika moja hadi mbili, na uache ukihisi ungeweza kurudia mara tatu zaidi. Itaonekana ni kidogo mno. Subiri siku mbili, misuli itakujibu: maumivu ya misuli isiyozoea huanza baadaye na hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Yakikuruhusu kushuka ngazi, umepima vizuri, rudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Kiwango hicho ni cha kukifikia kwa wiki kadhaa, si cha kukimaliza Jumatatu.

Kuna dalili zisizo za kusubiri. Maumivu ya kifua yanayobana, kizunguzungu, pumzi isiyorudi: acha, kaa chini, ita mhudumu. Na kama siku moja au mbili baada ya mazoezi makali misuli imevimba na kukakamaa na mkojo umekuwa wa kahawia iliyokoza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyovunjika inamwaga protini kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Huwapata hasa wanaojitupa kwenye darasa gumu siku yao ya kwanza, au wanaorudi baada ya mapumziko marefu na kutaka kubeba uzito ule ule wa zamani.

Sauna, kama ipo, iache mpaka mwili upoe. Ingia dakika 5 hadi 10, usifanye mazoezi ndani, toka mara tu kichwa kikianza kuwa chepesi.

Kituo cha umma kina watumiaji wengi na wahudumu wachache, na mafundi hawawezi kukagua kila mashine kila siku. Ukiona waya wa mashine umeanza kuchanika nyuzi, usiondoke tu ukahamia mashine nyingine. Andika namba yake iliyobandikwa kwenye fremu, saa, na ulichokiona: waya umechanika karibu na puli ya juu, mkanda unasita ukifika kilomita 8 kwa saa, vigae vitatu vimeng'oka ngazi ya kushoto ya bwawa. Peleka mapokezi, uombe kiandikwe kwenye daftari la hitilafu, na kibandikwe kibao cha "imeharibika" kabla hujaondoka. Taarifa ya "mashine mbovu kule ndani" haimfikishi fundi popote. Yenye namba na mahali hutengenezwa.